Nimelipa milioni 12 za bustani, sasa maji ya uwanja wangu yameangusha ukuta wa jirani

Wakuu, nina hasira na sitalipamba hili. Uzi ni mrefu.

Nazungumzia kampuni za bustani zinazojitangaza kwa picha mitandaoni: pevingi (vile vitofali vya kutandika uwanjani) zinang'aa, ukoka umelala kama zulia, kibanda cha kuchomea nyama, taa chini ya minazi. Niliyofanya nayo kazi sitaitaja, shauri liko kwa mwenyekiti wa mtaa. Ila walichonifanyia nitakisema chote.

Kiwanja changu kiko Dar, mita 25 kwa 30, kwenye mteremko. Kutoka getini hadi ukuta wa nyuma ardhi inashuka karibu mita moja na nusu. Bondeni kwangu anaishi mama mmoja mjane, mtu mzima, tumekuwa majirani miaka tisa bila neno baya. Ushikeni huo mteremko.

Novemba mwaka jana alikuja kijana wao, nadhifu, ana maneno. Akapiga picha uwanja kwa simu, baada ya siku mbili akanitumia mchoro wa rangi mzuri sana. Futikamba hakuitoa mfukoni. Levo ya ardhi hakuchukua. Hakuuliza maji ya paa yanashukia wapi. Mimi ndiye niliyemuuliza, "Na maji je?" Akanijibu, "Bosi, hayo tuachie sisi." Na makadirio yake yalikuwa mstari mmoja: kazi ya bustani, pevingi na kibanda, jumla 14,500,000. Mita za mraba hazikuandikwa, idadi ya vitofali haikuandikwa, unene haukuandikwa, mifuko ya saruji haikuandikwa. Nikalipa asilimia 70, yaani 10,150,000, kabla toroli halijaingia getini. Hapo nilikosea na nakubali.

Kuhusu kibali nilimuuliza mara mbili, mke wangu shahidi. "Bustani haina kibali bosi, kibali ni cha nyumba." Jamani! Kwenye mchoro wao mna nguzo nne za zege, paa la bati za msauzi, na ukuta wa kuzuia udongo wenye kimo cha mita 1.8. Hiyo ni bustani? Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haiulizi kama ndani ya hicho unachojenga utalala au utachoma mishikaki. Ukiendeleza ardhi mjini unatakiwa uwe na ridhaa ya mamlaka ya upangaji. Kupanda maua na ukoka hakuna atakayekusumbua, lakini ukishamwaga msingi na kusimamisha nguzo umeshajenga. Mtu anayeishi kwa kazi hii hawezi kusema hajui.

Wiki ya tatu wakaja watu wa manispaa. Rangi nyekundu ukutani, SIMAMISHA UJENZI, na barua ya wito. Nikaenda. Nikaambiwa nilete michoro ya msanifu aliyesajiliwa, michoro ya mhandisi ya ule ukuta, nakala ya hati, risiti ya pango la ardhi, na faini juu. Sawa, nimekosa, nikaanza kuvihangaikia. Michoro peke yake ilinitoka 1,200,000 ambayo haikuwemo kwenye bajeti. Halafu mmoja wa waliokuja kukagua akaniita pembeni akataka hela ya mafuta. Sikutoa. Faili langu likalala wiki saba. Kila nikienda, mhusika yuko saiti, mhusika yuko kikaoni, njoo Alhamisi. Kinachonichoma ni kwamba waliponisimamisha walifika haraka, gari lipo, rangi ipo. Nilipotaka kufuata utaratibu, hakuna gari wala mtu.

Sasa sikilizeni kampuni ilifanya nini ndani ya hizo wiki saba. Iliona kibanda kimezuiwa na malipo yaliyobaki yanachelewa, ikahamia kwenye pevingi ili idai awamu inayofuata. Ikafanya kazi Jumapili na usiku kwa taa za gari, mimi nikiwa safarini Mbeya kwenye msiba. Nikarudi nikakuta uwanja umefunikwa wote.

Na mwembe haupo.

Huo mwembe niliukuta nilipokinunua kiwanja mwaka 2014. Chini yake ndipo tulipokuwa tunakula mchana Jumapili, ndipo baba yangu alipokuwa anaweka kiti chake akija kututembelea. Sikuwaambia waukate. Kwenye mchoro wao palikuwa na mitende ya mapambo, kwa hiyo wakaukata wapate nafasi ya mitende. Waliileta 12, mitano imeshakauka, maana waliipanda Januari, jua kali, mgao wa maji, na ukoka wakautandika wiki hiyohiyo. Nilikuwa namwagilia lita 1,000 kwa siku, maji ya boza, lile gari la tangi, na bado ukaungua. Mtu wa bustani asiyesubiri mvua ndipo apande ni mtu wa bustani gani? Nyasi zitaota tena. Mwembe wa umri ule sitauona tena mimi.

Turudi kwenye pevingi. Wakaniletea ankara ya nyongeza ya 2,300,000, eti eneo limefika mita za mraba 190. Nilikuwa nimechoka, nikalipa. Baadaye nikachukua futikamba mwenyewe: mita 22 kwa 6.5, ni mita za mraba 143. Kitofali cha mstatili cha sentimita 20 kwa 10 kinaingia 50 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo chini pale vipo kama 7,150, na mimi nimedaiwa 9,500. Vitofali 2,350 havijawahi kuingia kwangu.

Na vyenyewe ni vya milimita 60. Hivyo ni vya njia ya miguu, na gari dogo likipita taratibu, basi. Kwangu linaingia boza la lita 10,000, tani 10 za maji tu kabla hujahesabu chuma cha gari. Hapo zinawekwa za milimita 80, juu ya moramu, ule udongo wa changarawe, iliyoshindiliwa kwa mashine tabaka kwa tabaka, ndipo mchanga mwembamba wa kulazia. Nimefukua sehemu iliyotitia: hakuna moramu. Mchanga wa kufukia umemwagwa juu ya udongo uliopandwa mwembe, mizizi bado imo ndani, kitofali kikalazwa juu. Boza la pili tu lilichimba njia mbili za matairi.

Haya yote ningeyameza. Nisichoweza kumeza ni kilichotokea masika.

Hesabu ya mvua ni nyepesi, mtoto wa darasa la tano anaiweza: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa langu ni mita za mraba 180, pevingi 143. Ikinyesha milimita 50, na Dar mwezi wa nne siku moja inaweza kutoa hiyo na zaidi, ni lita 16,150. Zamani yale yaliyoangukia uwanjani yalizama mchangani na kwenye mizizi ya mwembe. Sasa hayana pa kuzama, yanateremka yote upande mmoja. Na upande huo ndipo waliposimamisha ule ukuta wa kuzuia udongo, wakaumalizia kinyemela wakati zuio lipo. Hauna matundu ya kutolea maji. Hauna kokoto kwa nyuma. Nondo zimo kwenye nguzo mbili za pembeni tu. Maji yakajaa nyuma ya ukuta, udongo ukawa uji, usiku wa manane ukaegemea fensi ya mama wa watu ukaenda nayo. Mita sita. Jiko lake la nje likafunikwa. Mjukuu wake hulala chumba kinachofuata.

Asubuhi nilimkuta amesimama kwenye tope. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Mwanangu, maji ya Mungu siyakatai, miaka yote yanapita hapa. Haya umeyaelekeza wewe." Sikuwa na jibu na hadi leo sina.

Fensi yake naijenga, tofali zimeshashushwa. Kampuni nimeipigia wiki nzima. Kwanza wakasema ni mvua, wao si Mungu. Halafu wakasema mkataba hautaji mitaro. Kweli hauitaji, na mfereji kwenye mchoro wao haumo hata mmoja! Nikatafuta jina lao kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, halimo, wala daraja la saba kule chini kabisa. Juzi simu yao imeanza kuita bila kupokelewa, lakini ukurasa wao umewekwa picha za uwanja wangu, zimepigwa kabla ya mvua, na watu wanaulizia bei hapo chini.

Nataka msaada kwa wenye kujua sheria. Nina risiti za benki za 12,450,000, mchoro, ujumbe wa simu wote, na picha za kabla na baada. Mkataba ni karatasi moja yenye muhuri wa kampuni. Je, kwa kuwa nilijenga bila kibali, mahakama itanisikiliza nikiidai kampuni, au kosa langu linalifunika dai? Na huyu mama anaweza kuunganishwa kwenye shauri naye awadai moja kwa moja, au lazima anidai mimi kwanza?

Wanaotaka kunipa namba za mafundi wengine, subirini kwanza. Kwa sasa naomba wanasheria, na yeyote aliyetambua hizo picha za uwanja kwenye ukurasa wao na ameshalipa kianzio. Huyo aandike hapa leo, kabla hawajamwaga mchanga.