Wauza trei na mchanga wa paka, mnauzia pua na macho ya binadamu huku paka anateseka

Wakuu, nimekasirika na sitaficha. Kila rafu ya vitu vya paka wa ndani imejaa vitrei vya choo vya rangi nzuri na mifuko ya mchanga yenye picha za maua, halafu paka akikojoa kwenye zulia anaambiwa ana kiburi. Hana kiburi huyo, hana choo!

Nianze na trei, maana ndiyo iliyonipandisha hasira. Juzi nimeuziwa moja iliyoandikwa kwenye boksi "kwa paka wakubwa". Kwa nje ni kubwa kweli, kwa sababu kilichopimwa ni ukingo wa juu uliotanuka. Ukishuka kule chini anakosimama paka, kuta zimeingia ndani. Dume langu likiingia, pua imegusa ukuta wa mbele na makalio yamening'inia nyuma. Hawezi kugeuka wala kufukua. Kisha mkojo ukimwagika nje ya ukingo, muuzaji ananiambia nimfundishe paka adabu!

Kipimo wanachokitaja madaktari wa mifugo kinajulikana: urefu wa trei kwa ndani uwe angalau mara moja na nusu ya urefu wa paka, kuanzia puani hadi shina la mkia. Paka wa sentimita 45 anahitaji trei ya karibu sentimita 68. Chukueni futi mkapime hizo mnazouziwa kama za paka wakubwa. Nyingi hazikaribii. Beseni kubwa la plastiki la kuhifadhia nguo, ukilikata upande mmoja liwe na mlango wa chini, linamfaa paka kuliko nusu ya trei zilizopo sokoni, na kwa kawaida ni nafuu zaidi. Mlango huo wa chini ni muhimu. Paka mzee mwenye maumivu ya viungo hawezi kupanda ukingo mrefu kila anapobanwa, na mtoto wa paka ndiyo kabisa. Ila kwenye maboksi sijaona neno hata moja kuhusu kimo cha mlango.

Halafu mfuniko. Sina ugomvi na mwenye trei ya mfuniko, kwani paka wengi hawajali kama kuna paa au hakuna, mradi pawe pakubwa na pasafi. Ninachopinga ni mfuniko kuuzwa kama dawa ya harufu. Bakteria wanavunja urea iliyomo kwenye mkojo na kutoa amonia, gesi ile ya harufu kali, na hiyo amonia haiendi popote kwa sababu umeifunika. Umemfungia paka humo nayo. Wewe usiyeona uchafu unasahau kuchota, na yeye anayeuona anatafuta kona nyingine ya nyumba.

Sasa mchanga. Mwaka 1947 huko Marekani, Edward Lowe alianza kuwauzia watu udongo mkavu wa kufyonza badala ya majivu waliyokuwa wakiwawekea paka wao. Miaka ya 1980 ukaja udongo wa bentonaiti unaoganda mabonge, mtu akaweza kuchota mkojo ulioganda bila kumwaga mchanga wote. Hayo yalikuwa maendeleo. Kuweka manukato ya limau ndani yake ni maendeleo ya nani? Paka wengi hawapendi kabisa harufu ya limau, na nyinyi mnaiweka pale pale mnapotaka achuchumae! Paka wakipewa nafasi ya kuchagua, wengi wanakwenda kwenye punje laini zinazoganda, zisizo na harufu yoyote. Ni viumbe wa ukoo wa paka mwitu wa nchi kame, wanataka kitu cha kufukua na kufukia. Lakini dukani mfuko usio na manukato unautafuta kwenye rafu ya chini kabisa, nyuma ya mingine yote.

Punje za silika, zile kama za vifuko vya kuzuia unyevu kwenye maboksi ya viatu, zinafyonza mkojo vizuri, siwezi kuzisema vibaya kwa hilo, ila ni ngumu chini ya nyayo na wapo paka wanaozikataa. Vile vidonge vya maranda ya mbao vinazuia harufu na havina vumbi jingi; tatizo ni ukubwa wake, kwa hiyo mzoeshe paka polepole kwa kuchanganya na mchanga wake wa zamani. Kubadilisha ghafla ndiko kunakoharibu.

Jambo lililonitoa moshi ni hili. Nilimwambia muuzaji nina watoto wa paka wadogo, akanipa bentonaiti inayoganda bila hata kuuliza umri wao. Watoto wa paka wanaonja kila kitu! Udongo ule ukikutana na maji unavimba na kushikana, na tumboni ni vivyo hivyo. Mpaka wafike kama miezi minne wape vidonge vya karatasi au vya mbao, visivyoganda. Onyo hilo lilipaswa kuwa mbele ya mfuko kwa herufi kubwa. Nimegeuza mfuko pande zote, halipo.

Na nyinyi mnaowashauri watu wamsugue paka pua kwenye mkojo wake, acheni ukatili. Hajifunzi chochote zaidi ya kukuogopa wewe. Paka aliyekuwa akitumia trei vizuri na ghafla akaacha, kwanza apelekwe kwa daktari, kwa sababu huenda kibofu kinamuuma. Dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia, na hatoi mkojo au anatoa matone tu, usimsubirie kesho. Njia ikiziba kabisa, sumu inajaa kwenye damu na anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Wangapi wamefukuzwa nje kwa "uchafu" kumbe walikuwa wagonjwa?

Ninachodai si kikubwa. Andikeni vipimo vya ndani na kimo cha mlango, wekeni onyo la watoto wa paka, na mchanga usio na manukato uwekwe mahali mtu anapouona. Pia acheni kuwaambia wenye paka wawili kwamba trei moja inatosha. Ziwe tatu, yaani idadi ya paka na moja ya ziada, tena sehemu tofauti. Ukizipanga pamoja, mbabe mmoja anakaa mlangoni na mwenzake anakosa pa kwenda.

NYONGEZA: Naona kuna mdau ameshauri trei ioshwe kwa klorini ili kuua harufu. Mkuu, hapana! Klorini ikikutana na amonia ya mkojo inatoa gesi yenye sumu. Maji ya moto na sabuni isiyo na harufu kali yanatosha, suuza, kausha, weka mchanga kina cha sentimita tano hivi. Na bentonaiti iliyotumika usiimwage chooni, itavimba kwenye bomba.

Dada uliyeambiwa umtupe paka kwa kuwa una mimba, usimtupe, aliyekwambia hivyo hajui analosema. Vimelea vya toksoplasma, ndivyo vinavyohofiwa kumdhuru mtoto aliye tumboni, vikitoka kwenye kinyesi cha paka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo trei ikichotwa kila siku hatari inapungua sana. Kazi hiyo mwachie mtu mwingine hapo nyumbani. Kama uko peke yako vaa glavu, kisha nawa mikono kwa sabuni. Paka naye usimpe nyama mbichi, na yako iive vizuri, maana vimelea hivyo hivyo hupatikana humo pia.