UZI WA POVU: Riwaya ya "mkataba uliopotea" wa Ziwa Victoria ni chai, na mnaoiita historia ndio mnaniudhi zaidi

Wakuu, salaam.

Mods naomba msiupeleke uzi huu jukwaa la vichekesho. Sijaja kuchekesha.

Kuna riwaya inazunguka hapa Mwanza. Ipo kwenye meza za vitabu mjini, ipo kwenye magrupu ya WhatsApp (watu wamepiga picha ukurasa kwa ukurasa, aibu nyingine hiyo), na kila ukifungua simu unakutana na mtu kaandika "soma hiki kitabu ndugu yangu, utajua ukweli wa ziwa letu". Jina la kitabu silitaji, la mwandishi pia silitaji. Sipigi debe bure, na nimeshatoa elfu 25 yangu.

Kwa ambao hamjaisoma: kijana mmoja wa makumbusho anatoka Dar kuja Mwanza kutafuta mkataba wa siri ulioandikwa kwenye ngozi, una lakiri nyekundu, ambao eti mtemi mmoja wa kandokando ya ziwa aliwawekea Waingereza dole gumba, kwamba maji yote ni mali ya Misri milele. Majasusi wanamfukuza. Kuna binti mpiga mbizi kutoka Ukerewe. Kuna pango chini ya Bismarck Rock. Risasi zinalia Capri Point usiku kucha na hakuna jirani hata mmoja anayepiga simu polisi.

Sawa. Hadithi ni hadithi. Nimekulia kwenye riwaya za kijasusi na sina ugomvi na pango la kubuni. Tena jamaa anajua kukimbizanisha watu, tusimnyime haki yake. Ile sura ya Mwaloni, jambazi anapoangukia magunia ya dagaa na mama mwenye mali anamdai alipe kabla hajainuka, nimecheka peke yangu. Angeandika kitabu kizima namna ile nisingekuwa hapa.

Shida yangu ni sentensi moja kwenye jalada, inayosema kitabu kimetokana na mkataba halisi uliofichwa wananchi. Na shida kubwa zaidi ni nyinyi mliosoma sentensi hiyo mkaiamini.

Nimepitia maoni ya wasomaji mpaka macho yameuma. Mmoja anasema sasa ameelewa kwa nini maji yanakatika mtaani kwake. Mwingine anaapa babu yake alikuwa akiujua mkataba huo. Mwingine anataka vijana wachangishane wakachimbe kisiwani Saanane, ndani ya hifadhi ya taifa, wakuu! Yupo na mwalimu, kajitambulisha mwenyewe kwamba ni mwalimu wa historia, anasema atawasomea wanafunzi wake sura ya saba. Hapo ndipo nilipoweka simu chini nikatafuta maji ya kunywa.

Mwalimu, nakuomba unisikilize.

Mkataba wa maji ya Nile uliotugusa sisi haujapotea, na haujawahi kupotea. Ni wa tarehe 7 Mei 1929. Hakuna ngozi, hakuna lakiri ya kwenye pango, na hakuna mtemi. Ni barua mbili. Moja aliandika Mohamed Mahmoud Pasha, waziri mkuu wa Misri, nyingine akajibu Lord Lloyd, kamishna mkuu wa Uingereza kule Cairo. Basi. Watu wawili wanaandikiana barua mjini Cairo kuhusu ziwa linaloanzia miguuni petu, na huku Tanganyika hakuna aliyeulizwa chochote, si mtemi, si mvuvi. Wakakubaliana kwamba bila ridhaa ya Misri, isijengwe kazi yoyote ya umwagiliaji au ya umeme kwenye Nile na matawi yake, wala kwenye maziwa yanayoulisha, katika nchi zilizo chini ya Uingereza, kama kazi hiyo itapunguza maji yanayofika Misri, au kuyachelewesha, au kushusha kina chake. Barua zenyewe zilichapishwa na kuandikishwa kwenye Shirikisho la Mataifa. Siri gani hiyo inayoandikishwa?

Sasa niambie, kipi kinatisha zaidi? Mtemi aliyelaghaiwa kwa shanga, au wakubwa wawili waliopanga maji yako bila hata kukutafuta wakulaghai? Mwandishi alikuwa na kisa cha kweli mezani, chenye hasira ndani yake, akakiacha akaenda kumtwisha lawama mtemi. Yaani katika riwaya nzima anayesaliti ziwa ni mtu mweusi wa huku huku, na Mwingereza anatokea kama mtu mjanja tu aliyevaa kofia nzuri. Wasomaji mnapiga makofi.

Najua kuna watakaonikumbusha mikataba ya Carl Peters ya mwaka 1884, machifu wa kule Usagara waliowekewa karatasi za Kijerumani wasizozisoma. Ndiyo, hiyo ilitokea. Lakini ni Usagara, ni Wajerumani, na ni ardhi. Huwezi kukichukua kisa cha Morogoro ukakivika nguo za Kiingereza ukakitupa Ukerewe kisha ukaandika "halisi" juu ya jalada.

Na kinachoniuma kuliko vyote katika habari hii ya mkataba: Nyerere hayupo. Kurasa zaidi ya mia tatu za mkataba wa maji ya Ziwa Victoria na Nyerere hayupo hata kwa mstari! Mzee alisimama bungeni tarehe 30 Novemba 1961, Uhuru haujafika, akaeleza kwamba mikataba Uingereza iliyotufungia tutaitazama kwa miaka miwili, na ule ambao hatutakubaliana upya utakufa, isipokuwa ile ambayo sheria ya kimataifa yenyewe inaibakiza. Tarehe 4 Julai 1962 Tanganyika ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayatufungi. Wanasheria duniani kote wanausoma msimamo huo kwa jina lake. Misri haikukubali, na mpaka leo inadai haki zake za zamani. Huo ugomvi haujaisha, upo wazi, una mawaziri, una vikao, una watu wanaotoka mkutanoni wamenuna. Mnataka msisimko gani zaidi?

Halafu tukaenda kuchota. Chanzo cha maji cha Ihelele kipo Misungwi, hapo hapo mkoani kwetu, maji yanapanda kilima yanakwenda Shinyanga na Kahama, mradi ukazinduliwa na Rais Kikwete mwaka 2009, baadaye bomba likaendelea mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Hatukuomba ruhusa Cairo. Kwenye riwaya, shujaa anapita Misungwi kwa gari la kukodi akilalamika kwamba "nchi hii haiwezi kugusa tone la ziwa lake mpaka mkataba upatikane na kuchomwa moto". Anapita Misungwi! Angefungua kioo cha gari.

Mwaka 2010 pale Entebbe nchi za juu ya mto, na sisi tukiwemo, zilianza kusaini mkataba mpya wa ushirikiano wa bonde la Nile, na umeanza kufanya kazi tarehe 13 Oktoba 2024. Kitabu kimetoka baada ya hapo. Hakuna habari.

Makosa ya jiografia nitayapitia haraka, maana nikikaa hapo tutakesha. Mpiga mbizi wetu anashuka mita 300 karibu na Ukerewe. Mita 300 za wapi? Ziwa hili kina chake cha wastani ni kama mita 40, na penye kina kirefu kabisa hapafiki mita 90. Meli ya Wajerumani iliyozamishwa wakati wa vita na kuibuliwa tena, anaiweka bandari ya Mwanza Kusini; hiyo ni Liemba, ipo Kigoma, Ziwa Tanganyika, ambako kweli unaweza kushuka zaidi ya mita 1,400. Nahisi kuna sehemu alichanganya maziwa na mhariri alikuwa amelala. Wakerewe wote anawaita Wasukuma. Mzee wa Nansio anamwamkia kijana wa miaka 26 "shikamoo", naye kijana anaitikia "marahaba" bila hata kushtuka. Nyie wasomaji wa kanda ya ziwa mliotoa nyota tano, mstari huo mliuruka?

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nifungue uzi.

Sura ya kumi na tisa. MV Bukoba.

Mwandishi anasema meli ile ilizamishwa makusudi kwa sababu kulikuwa na abiria mwenye nakala ya mkataba kwenye begi. Ameweka tarehe ya kweli, 21 Mei 1996. Ameweka jina la kweli la meli. Ameweka hadi watu waliokuwa wakigonga chuma kutoka ndani wakati imepinduka. Kisha anamleta jasusi kwenye boti, anatazama kwa darubini, anatabasamu.

Mtu mzima aliyekuwa Mwanza mwaka ule hahitaji jasusi. Meli ilikuwa inatoka Bukoba, imejaa kupita kiasi, uthabiti wake ulikuwa na kasoro zilizojulikana, ikapinduka ikiwa imekaribia kufika. Ilielea kichwa chini kwa muda, watu wakiwa hai ndani. Ikatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, ikazama. Mamia ya watu. Wengi wamelala makaburi ya Igoma, na ndugu zao bado wanaishi katika jiji hili, wanapanda daladala nawe, wanakuuzia nyanya. Lilikuwa suala la uzembe, ukaguzi na tamaa ya nauli. Ukisema ni jasusi wa kigeni, umewasamehe wote waliopaswa kuulizwa. Na miaka 22 baadaye, Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, nayo imejaza kupita uwezo wake. Hapo nako kulikuwa na mkataba kwenye begi?

Najua mtakachojibu, kwa sababu nimeshakisoma kwenye maoni yenu: "mbona kulikuwa na mtu wa Al-Qaeda ndani ya meli?" Ndiyo, alikuwemo, Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa wakubwa wa kundi lile. Alikuwa abiria akafa maji kama abiria wengine. Hiyo inathibitisha kwamba alipanda meli mbovu. Haithibitishi kingine.

Maoni ya chini ya sura hiyo, pale ilipobandikwa, ni "kumbeee", "duh", "serikali inajua mengi", na vijikatuni vya moto. Kuna dada mmoja akaandika kwamba mama yake alikuwa kwenye meli ile na hajafurahishwa. Akajibiwa "dada usilete hisia, hii ni sanaa". Sanaa? Asubuhi ilikuwa historia, jioni ikiguswa inakuwa sanaa?

Nyongeza, saa 4 usiku:

Naona mmekuja kwa wingi. Wanaosema nina wivu, niandike changu: mteja akikuta nzi kwenye supu haambiwi akafungue mgahawa.

Wanaosema tuunge mkono waandishi wa kwetu: Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye ameshakuwa mkongwe. Mle ndani Ukerewe ni Ukerewe kweli, na mvua yake na uvuvi wake na shemeji zake. Wangapi kati yenu mnaopiga kelele hapa mmemsoma? Msinitajie "wa kwetu" kwa kitabu kimoja chenye bastola.

Mkuu uliyeniuliza barua za 1929 zinapatikana wapi: tafuta kwenye mtandao kwa mwaka na majina ya hao wawili niliowataja, zinasomeka kwa muda mfupi kuliko sura ya kwanza ya riwaya. Mwalimu wa historia, ukizipata wasomee wanafunzi hizo.

Na wewe mwandishi, maana nimeambiwa unapita humu kwa jina la bandia: mkataba wa ngozi ubakize, pango libakize, shikamoo ya yule mzee irekebishe. Toleo la pili likitoka bila ile sentensi ya jalada na bila sura ya kumi na tisa, nitanunua nakala nyingine kwa bei ile ile.

Nawasilisha.