Mama kaulizwa maswali machache kwa tableti, hiyo alama ni ya kuamini?

binti_amu: Assalam aleikum. Mamangu alipata kiharusi upande wa kulia, sisi tuko Lamu ila mazoezi twampeleka Malindi. Mwanzo fizio alikuwa na fomu ndefu ya karatasi ya kuuliza mama aweza kufanya nini na nini, mpaka tufike mwisho mama kashachoka anajibu tu bora aachwe. Safari hii wametumia tableti, maswali machache ikasimama yenyewe ikatoa alama, na mzee tuliyekuwa naye foleni kaulizwa mengine kabisa. Sasa akipimwa tena akaulizwa mengine tutajuaje kama amepata nafuu??

fizio_pwani: Pole dada, Mola ampe afueni. Usiwe na wasiwasi, maswali yote yatoka benki moja, yaani hazina moja ya maswali, na kila swali uzito wake ushapimwa kwa watu wengi kabla, kukaa kitandani bila kushikwa ni jepesi, kupanda ngazi bila kushika ukuta ni zito. Tableti huanza na la katikati, akisema hawezi yashuka, akisema aweza yapanda, ikipata uhakika wa kutosha yasimama. Asiyeweza kusimama wamuulizia mbio za nini? Kwa hivyo maswali tofauti lakini kipimo ni kimoja. PROMIS, benki ya maswali ya afya ya Marekani, mara nyingi humaliza kwa maswali 4 mpaka 12, na alama 50 ndio wastani wa watu wa kule. Barthel ya karatasi, fomu ya kupima kama mgonjwa ajifanyia mambo ya kila siku, ya tangu 1965, ina vipengele 10, mgonjwa akigonga 100 basi, hapandi tena, hata kama kushuka kwenye boti pale jeti bado ashikwe.

wa_langoni: Mimi sijaridhika. Hiyo PROMIS ina swali la kusafisha zulia kwa mashine ya umeme, babangu ataijulia wapi? Muulizeni ngazi za nyumba zetu za mawe zilivyosimama wima, muulizeni kuinuka kwenye mswala akishasujudu. Na jengine ni nani anajibu, kwetu kakangu ndiye hujibu na kila kitu "hawezi" kwa sababu wamezoea kumfanyia, kumbe mzee kanzu yuwavaa mwenyewe akiachiwa muda!

fizio_pwani: Hapo kwenye maswali wa_langoni kasema kweli, na ukibadilisha swali uzito wake lazima upimwe upya kwa watu wa hapa, si kutafsiri tu. Dada, uliza pia kosa la kipimo ni ngapi, yaani alama yaweza kupotoka kwa kiasi gani, kama alama imetoka 34 ikaja 36 na kosa ni 3 huwezi kusema amepanda. Halafu mkono usiachiwe tableti, alama ya jumla yaweza kupanda kwa miguu na vidole bado havifunguki. Fugl-Meyer, kipimo cha viungo baada ya kiharusi, ile ya mkono ina alama 66, fizio aifanye kwa kumuona akishika kitu.

binti_amu: Shukran sana, kweli leso bado ajifunga kwa mkono wa kushoto tu na hilo hakuna aliyeuliza. Nitamwambia fizio. Na maswali atajibu mama mwenyewe, mimi nitakaa nje.