Kirikuu yangu imeliwa na kutu mpaka sakafu, ninunue mashine gani ya kuchomelea?

Mchuuzi_wa_Feri

Wakuu habari za muda huu. Nina Suzuki Carry, kirikuu hizi hizi za kawaida, mwaka wa nne sasa naibebea samaki toka Feri kuja kwetu Kigamboni. Barafu ikiyeyuka ule mchanganyiko wa maji na chumvi unachuruzika kwenye bodi ya nyuma kila siku ya Mungu. Niliona rangi imevimba kama malengelenge kwenye kona nikapuuza, juzi naosha gari kwa maji ya presha kipande cha bati kikang'oka chote nikawa naiona ardhi. Nikafunua zulia upande wa abiria, tundu la kupitisha ngumi. Kizingiti cha mlango wa kushoto ukikigonga kinalia kama kopo tupu la maziwa.

Mwaka jana nilimpa fundi mmoja akapachika bati la kuezekea nyumba, juu akakandika puti, akapiga rangi, gari ikang'aa nikafurahi. Miezi minne tu kutu imerudi na marafiki zake. Sasa nimeamua nijifunze nifanye mwenyewe, nilichomelea magrili ya madirisha miaka miwili kwaiyo moto sio mgeni kwangu. Ninayo inverta ya rodi ya ampea 200. Je itafaa au nitafute MIG, ile inayosukuma waya yenyewe badala ya rodi? Na zile MIG za waya usiotaka gesi zikoje? Bati ninunue geji ngapi, yaani unene gani? Bajeti yangu laki nane kwa kila kitu na umeme wetu ikifika jioni unashuka sana, taa zinakuwa njano. Natanguliza shukrani.

Fundi Bodi Gerezani

Pole mkuu, na hongera kwa kuamua. Nipo kwenye kazi ya bodi miaka kumi na nane na kirikuu za samaki nazijua kwa harufu kabla hazijakata kona.

Nianze na inverta ya rodi maana ndio inayowaponza wengi wanaotokea kwenye magrili. Bati la bodi ya kigari kama hicho ni milimita 0.7 au 0.8 hivi. Rodi uliyoizoea ya milimita 2.5 inataka ampea 60 kwenda juu, ukiigusisha tu hapo umefungua dirisha. Rodi nyembamba za 1.6 zipo, ukiwa na mkono uliotulia na moto mdogo unaweza kushikiza, lakini kila doti inabaki na ganda la kugonga na pembeni yake kitundu kingine cha kuziba, nimewahi kufanya hivyo siku MIG imeharibika na mteja anasubiri na sikutamani kurudia. Inverta itunze kwa kazi ya chuma kinene.

Nenda na MIG. Ila ukifika dukani usiulize inafika ngapi, wauzaji watakutajia 200, 250, 300 mpaka utishike. Uliza INASHUKA mpaka ngapi. Kwa bati la 0.8 utakuwa kwenye ampea 30 mpaka 50 muda mwingi, mashine inayoanzia 50 haikufai hata juu iwe mia tano. Pili ipokee waya wa 0.6, yaani lile gurudumu la kusukuma waya liwe na mfereji wa 0.6 na kile kipua cha shaba cha mbele kiwe cha 0.6, vikitofautiana waya utakwama kwenye tochi kila baada ya dakika mbili na utaisingizia mashine. Tatu iwe na mdomo wa kuingizia gesi ya kukinga doti na hewa kwa nyuma hata kama leo mtungi huna.

Umeme usikutishe sana. Ukichomelea kwa ampea 40 volti za mashine ni kama 16 hivi, zidisha unapata wati 640, ongeza upotevu wa mashine yenyewe hata kilowati moja ni nadra ifike. Pasi ya nguo inakula zaidi. Kinachoua ni ile ekstensheni nyembamba ya redio mita thelathini ikiwa imeviringishwa, tafuta waya wa umeme wa milimita za mraba 2.5 na uukunjue wote. Na fanya asubuhi, jioni acha watu wapike.

Bati. Hapa nakuomba kabisa mkuu, bati la kuezekea usiliguse tena. Geji 30 haifiki hata nusu milimita, na lina zinki juu, ukilichoma zinki inatoa moshi mweupe ambao ukiuvuta usiku unashikwa na homa na kutetemeka ukadhani malaria. Nunua shiti nyeusi, geji 20 kwa sakafu na bodi, hiyo ni kama 0.9, na geji 18 kwa kizingiti maana kizingiti ndio kinabeba gari, hakipo pale kwa urembo.

Mlikoni wa Mtongwe

Salaam alaikum ndugu yangu. Mimi niko Mombasa na shida yako ndiyo yetu, hewa ya bahari haina huruma. Nakubaliana na fundi hapo juu ila kwa waya usio na gesi nitaongeza neno, kwa sababu mimi nafanyia kazi nje chini ya mwarobaini na upepo wa Kilindini ukivuma gesi yote inapeperuka, doti zinatoka na vitundutundu kama sponji. Waya huo usiotaka gesi una unga ndani, hauogopi upepo. Kwa sakafu na mihimili ya chini nautumia na unashika vizuri tu.

Lakini ujue mambo mawili. La kwanza ule waya kwa kawaida unataka tochi iwe hasi na klampu ya ethi iwe chanya, kinyume na waya wa gesi. Fungua kifuniko cha upande uangalie ile nati inayoshika nyaya mbili, watu wengi hawabadilishi, alafu wanalalamika mashine inatema cheche. La pili aghalabu unaanzia 0.8 na moto wake ni mkali, kwa ngozi ya mlango au bodi inayoonekana nje utatoboa na utapinda. Kwa hiyo mimi ninavyo vyote, siku ya utulivu gesi, siku ya upepo waya wa unga na turubai pembeni.

Mama Zuu

Jamani kabla hajawasha hiyo mashine mwambieni kuhusu moto. Mume wangu alikuwa anaziba sakafu ya gari letu, zulia alikunja tu hakulitoa, upande wa chini kuna ile lami ya kuzuia kelele imebandikwa kiwandani. Yeye kainama anachomelea hapa, moto unawaka pale nyuma ya kiti yeye haoni kwa sababu kavaa kioo cheusi. Mimi ndiye niliyeuona moshi kutoka jikoni. Tulizima kwa ndoo mbili za mchanga na kanga yangu iliyolowa, kiti cha nyuma kikaisha.

Tangu siku ile kwetu hachomelei mtu peke yake, mmoja anachoma mmoja anakaa upande wa pili na mchanga na maji, na baada ya kumaliza tunakaa nusu saa nzima tunaangalia. Betri inachomolewa. Tanki la mafuta likiwa karibu linashushwa, halifunikwi na gunia bichi, LINASHUSHWA na kupelekwa mbali.

Fundi Bodi Gerezani

Mama Zuu Mungu akubariki, hilo nilipaswa kulianza mimi. Naongeza moja, usisafishe bati kwa zile dawa za kopo za kusafishia breki alafu ukachoma hapohapo, nyingine zina klorini na zikikutana na mwanga wa kuchomelea zinatoa sumu ya kuua mapafu. Futa kwa thina, acha ikauke kabisa, kitambaa kitupe mbali.

Na miwani ya jua sio kinga. Nasema kwa uchungu kwa sababu vijana wengi hapa mtaani ndio wanachovaa, usiku macho yanakuwa kama yamejazwa mchanga. Kwenye laki nane yako hesabu kofia ya kioo kinachojitia giza chenyewe moto ukiwaka, kwa doti za bodi inasaidia mno maana unaona unapolenga kabla ya kugusa.

Mbongo wa Leicester

Wakuu, mimi nipo Uingereza, huku serikali inamwaga chumvi barabarani kipindi cha baridi kwaiyo magari yanaoza kuanzia chini kama ya Feri tu. Kuna ukaguzi wa kila mwaka unaitwa MOT. Kutu mbaya ikiwa ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye maungio muhimu, mfano pale mkanda wa kiti unapofungwa au springi inapokaa, gari inafeli. Na kiraka cha sehemu hizo lazima kichomelewe mzunguko wote bila kuacha nafasi, doti doti hawapokei, puti wala gundi ndio kabisa.

Nataja hivi kwa sababu mleta mada amesema tundu liko chini ya miguu ya abiria. Pima kutoka hapo mpaka kwenye bolti za kiti na mkanda. Kama ni karibu, hapo ni uhai wa mtu.

Mchuuzi_wa_Feri

Aisee asanteni, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Nimepima, kutoka ukingo wa tundu mpaka bolti ya kiti ni kama viganja viwili tu. Maswali mengine, mchanganyiko wa gesi ule wa agoni niliambiwa ni ghali, naweza kutumia kaboni dioksidi tupu? Na nitajuaje nikate mpaka wapi? Fundi Gerezani vifaa vingine gani nisikose?

Fundi Bodi Gerezani

Kaboni tupu inafaa mkuu, magereji mengi wanatumia hiyo. Inazama zaidi na inarusha cheche zaidi kuliko ya kuchanganya na agoni, kwaiyo kwenye 0.8 unagusa kwa muda mfupi. Regyuleta iwe ya kaboni, fungua lita 8 mpaka 10 kwa dakika inatosha.

Kukata mpaka wapi, hapo ndipo kazi yote ilipo, mashine ni nusu ya pili. Chukua bisibisi na nyundo ndogo. Gonga ukitoka kwenye tundu kuelekea nje, bati bovu linatoa sauti ya kufa, tup tup, ukifika kwenye bati zima sauti inabadilika inakuwa kali inalia ting. Hapo choma kwa ncha ya bisibisi kwa nguvu, likikubali kubonyea bado. Likikataa ongeza vidole viwili ndio upige mstari. Tundu la ngumi litakuwa ukubwa wa sahani ya pilau, usishtuke, na usilionee huruma bati linalomeguka kama biskuti, moto haushiki kwenye kutu.

Vifaa: grinda ya inchi nne na nusu na diski za kukatia za milimita 1, nene zinachoma bati. Diski za msasa za 60 au 80 za kusawazisha. Brashi ya waya ya kufunga kwenye grinda, na ukiitumia vaa ngao ya uso maana zile nyaya zinachomoka kama sindano, na kile kingao cha grinda usikifungue hata kikikusumbua. Vaisigripu, zile koleo za kujifunga, nne au tano. Dirili na kekee ya milimita 8, sehemu zilizoungwa kiwandani kwa doti unatoboa bati la juu tundu la 8 kisha unajaza. Mkasi wa bati. Katoni ya maboksi ya kukatia pateni kabla hujagusa shiti, hii ni bure na inaokoa bati. Na kipande cha shaba bapa, ponda bomba la shaba la friji bovu, unalishikilia nyuma ya mwanya unapochoma. Chuma hakigandi kwenye shaba na moto unanyonywa, ni mara chache utoboe.

Kuchoma kwenyewe: doti moja hapa, nyingine upande wa pili kabisa, nyingine juu, nyingine chini. Ziachane kama upana wa vidole viwili. Subiri mpaka uweze kushika kwa mkono ndio urudi kujaza katikati, doti kwa doti mpaka zikutane. Ukivuta mstari mmoja kama unavyofanya kwenye grili bati litajikunja kama chipsi ya muhogo na hakuna nyundo itakayolirudisha. Kwa hiyo bolti ya kiti, ukimaliza mazoezi kwenye vipande uniletee nikague kabla hujampakia mtu. Hata bure.

Alafu ukimaliza, ndani. Kile kiraka cha mwaka jana kilioza kwa nyuma, sio kwa mbele. Praima ya zinki kwenye mikunjo, silanti kwenye maungio, chini andakoti, na ndani ya kizingiti nta ya kupuliza. Wengi wanamwaga oili chafu, inasaidia kuzuia kutu kwa muda lakini inamwagika barabarani na siku utakayotaka kuchomelea tena ni kuni. Na yale matundu madogo ya kutolea maji chini ya kizingiti usiyazibe.

Mlikoni wa Mtongwe

Na hapo bodi ya nyuma weka makreti ya plastiki yasiyovuja chini ya samaki, na jioni suuza kwa maji matamu, si ya kisima chenye chumvi. La sivyo utarudi hapa mwakani.

Mchuuzi_wa_Feri

Marejesho wakuu. Nimepata MIG Kariakoo inashuka mpaka 30, waya wa 0.6, mtungi nimekodi. Jumapili nimeshinda nachoma vipande vya boneti ya screpa, vya kwanza kumi na mbili vyote nimetoboa, cha kumi na tatu nikaweka ile shaba ya friji nyuma. Nimekigeuza upande wa pili nikakuta doti imetokeza kidogo, duara, na ule weusi wa moto umeishia upana wa kidole tu. Nimekipinda kwenye vaisi kikapasuka pembeni ya doti, doti yenyewe ikabaki. Fundi, Jumamosi uko gereji? Nakuja navyo vyote, pamoja na vile kumi na mbili.