Mjadala: Apple iitenganishe Safari na macOS, au Mac za zamani zikubali kustaafu?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila ushabiki wa kampuni.

Chukua MacBook Pro ya 2012. Skrini nzima, kibodi nzima, umeiwekea SSD na kuiongezea RAM. Inaandika, inahariri picha, inacheza filamu bila kusuasua. Inakokwama ni kwenye tovuti. Ukurasa unafunguka nusu, vitufe havibonyezeki, au unaambiwa muunganisho si salama. Ukiuliza, jibu ni kwamba kivinjari kimepitwa na wakati. Ukitafuta kipya, mfumo endeshi haukitaki. Ukitafuta mfumo mpya, mashine haiukubali. Mwisho wa safari hiyo ni dukani.

Hoja yangu ni hii: kiungo cha kukatwa katika mnyororo huo ni cha kati, yaani kivinjari kufungwa kwenye mfumo. Apple iifanye Safari, kivinjari chake, programu inayojitegemea, iendelee kuisasisha miaka mingi baada ya toleo la macOS, mfumo endeshi wa Mac, kuachwa.

Msiniambie haiwezekani. MacBook hiyo ya 2012 kikomo chake rasmi ni Catalina, toleo la macOS lililotoka 2019. Safari ya mwisho kwa Catalina ni 15.6.1, Agosti 2022. Baada ya hapo kimya. Lakini Chrome iliendelea kuihudumia Catalina hadi toleo 128 mwaka 2024, na Firefox, tangu toleo 116 la 2023, imeiweka Catalina kuwa ngazi ya chini kabisa inayokubalika. Waliobaki nyuma zaidi, wa matoleo ya Sierra, High Sierra na Mojave, Mozilla, watengenezaji wa Firefox, iliwawekea Firefox 115 ya usaidizi wa muda mrefu, na muda wake ukaongezwa zaidi ya mara moja. Sierra ni ya 2016! Wasioiuza mashine wanaitunza kwa muda mrefu kuliko aliyeiuza, na aliyeiuza ndiye mwenye fedha nyingi kuliko wengi wao.

Hili si suala la urembo wa kurasa. Septemba 2023 iligundulika kasoro katika maktaba inayosoma picha za WebP. Picha moja iliyotengenezwa kwa hila ilitosha kumpa mdukuzi nafasi ya kuendesha msimbo wake kwenye kivinjari chako. Chrome ilitoa kiraka tarehe 11 katika toleo 116, na kesho yake ikatoka 117 ambayo haikuikubali tena High Sierra wala Mojave. Wenye mifumo hiyo walipita dirishani siku moja kabla halijafungwa. Walioishia Chrome 103, wale wa Sierra na wa El Capitan iliyo nyuma yake, hawakupata kitu.

Karibuni. Mnaopinga, njooni na hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, mimi naandika programu kwa kazi, na napinga.

Kwanza tuelewane Safari ni nini. Dirisha unaloliona ni sehemu ndogo tu. Kazi nzito inafanywa na WebKit, injini inayosoma kurasa na kuzichora, na WebKit ni mali ya mfumo mzima: Mail inaitumia kuonyesha barua, na programu nyingi za watu wengine zinaitegemea. Chini yake kuna vitu ambavyo WebKit haikuja navyo: uchoraji wa michoro kwa Metal (njia ya Apple ya kuitumia kadi ya michoro), usimbuaji wa video, fonti, ukaguzi wa vyeti vya usalama. Vyote ni vya macOS. Ukisema Safari mpya iende kwenye mfumo wa miaka kumi, unasema kila kitu kipya kijaribiwe juu ya kila kitu cha zamani, kwenye kila aina ya kadi ya michoro iliyowahi kuuzwa.

Firefox inaweza kwa sababu imebeba mizigo yake yenyewe. Mfano mzuri ni wa 30 Septemba 2021, cheti cha mzizi (kile ambacho vyeti vya tovuti vinategemea ili viaminike) kiitwacho DST Root CA X3 kilipokwisha muda. Tovuti nyingi mno zilikuwa zinatumia vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, vilivyoegemea hapo. Kwenye El Capitan na mifumo ya nyuma yake, Safari na Chrome za wakati huo zikaanza kukataa tovuti ambazo hazikuwa na tatizo lolote, maana zote mbili zilikuwa zinauliza orodha ya vyeti ya mfumo. Firefox kwenye mashine ileile haikutetereka. Ina orodha yake.

Sasa swali zito, ambalo mleta mada amelikwepa. Kivinjari cha leo kinajilinda kwa kuufungia kila ukurasa kwenye chumba chake, na kuta za chumba hicho zinashikiliwa na kiini (kernel) cha mfumo endeshi. Kiini kikiwa na mianya ambayo haijazibwa tangu 2022, mshambuliaji akishavuka kivinjari hana cha kumzuia. Kivinjari kipya juu ya mfumo uliotelekezwa ni mlango mpya kwenye fremu iliyoliwa na mchwa. Hatari yake ni kwamba mwenye nyumba analala usingizi.

Mchangiaji wa pili

Mimi si mtaalamu wa hayo makubwa, lakini natengeneza hizi mashine na naona watu wanalia kabla hawajafika ukutani.

Asilimia kubwa ya wanaoniambia "brauza imekataa" hawajafikia hata kikomo rasmi cha Mac yao. Mtu ana ya 2011 iko kwenye Lion, toleo la zamani, wakati High Sierra inaingia. Mtu ana ya 2008 ya alumini iko Snow Leopard, ya zamani zaidi, wakati inafika El Capitan. Pandisha kwanza hadi mwisho, halafu weka Firefox ya mwisho ya ngazi hiyo: 115 kwa Sierra hadi Mojave, 78 kwa Mavericks hadi El Capitan, 45 kwa Snow Leopard hadi Mountain Lion. Hizo mbili za mwisho usizifanyie mambo ya fedha.

Kingine, angalieni saa! Mashine iliyokaa kabatini betri ikafa inaamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa. Kila cheti kinaonekana hakijaanza au kimeshakwisha, na mtu anailaumu Apple. Rekebisha tarehe, nusu ya kesi inaisha hapo.

Mchangiaji wa tatu

Nimeshangaa hakuna aliyewataja wanaojitolea, maana bila wao mjadala huu ungekuwa umekwisha zamani.

Firefox 4 ilipotoka 2011 ikiwa imeziacha Mac za PowerPC (vichakataji vilivyotumika kabla ya Intel), Cameron Kaiser alikuwa ameshaanza TenFourFox, Firefox iliyorekebishwa kwa ajili yao. Programu ile ilifanya kazi kwenye mifumo ya Tiger na Leopard, katika Mac za PowerPC za G3, G4 na G5, kwa takriban miaka kumi, hadi 2021. Hata sehemu inayoharakisha JavaScript iliandikwa upya kwa ajili ya vichakataji hivyo. Leo kuna Chromium Legacy, inayorudisha msimbo wa Chromium, msingi wa Chrome ulio wazi kwa wote, hadi kwenye Lion. Kwa hiyo anayesema "haiwezekani kiufundi" aseme vizuri: haimlipi.

Lakini nami nina shaka yangu, na si juu ya ujuzi wao. Kivinjari ndicho kinachoyaona maneno yako yote ya siri. Toleo lililojengwa na mtu mmoja, linalotoka akipata muda, linabeba imani kubwa kuliko inavyostahili kubebwa na mtu mmoja. Kiraka kikitoka Google leo, yeye anakipata lini, na anakijenga lini? Wakati huo wote msimbo wa kiraka uko hadharani, na anayetaka kujua tundu lilikuwa wapi analisoma humo. Natumia programu hizi kwa kusoma habari na nyaraka. Akaunti ya benki siipitishi huko.

Mchangiaji wa nne

Mnazunguka mbuyu. Futa macOS, weka Linux, mfumo endeshi huria. Aina zake kama Debian au Mint kwenye Mac ya Intel ya biti 64 inakupa Firefox ileile ya kompyuta ya leo, na kiini cha mfumo kinachopata viraka kila mara. Hoja ya mchangiaji wa kwanza inakufa hapohapo. Shida utakayokutana nayo ni Wi-Fi ya Broadcom, ambayo mara nyingi inataka kiendeshi cha ziada, basi anza na waya.

Angalizo tu: Mac za mwanzo kabisa za Intel, zile za Core Duo za 2006, ni za biti 32. Debian 13 ya 2025 haisakiniki tena kwenye mashine za hivyo. Hizo kweli safari yao imefika.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, mwenye miradi yake ya Logic (muziki) au Final Cut (video) ndani ya Mac hiyo afanyeje? Linux haivifungui. Kwa hao bora OpenCore Legacy Patcher, inayoingiza macOS mpya kwenye mashine ambazo Apple imezikataa.

Mchangiaji wa kwanza

Nayo ina gharama. Ulinzi wa faili za mfumo unapunguzwa ili viendeshi vya zamani viingie, na kila sasisho la macOS linakulazimu kuvirudishia. Kadi za michoro zisizojua Metal zinatambaa. Kwa fundi, sawa. Kumwachia mzazi wako mashine ya namna hiyo ni kujitafutia simu za usiku.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Nijibu lile la fremu na mchwa, kwani ndilo zito.

Ni kweli kiini kilichoachwa ni hatari. Ila shambulio la kupitia wavuti linahitaji hatua mbili: kwanza kuvunja kivinjari, kisha kuvunja mfumo. Ukiziba ya kwanza, umemlazimisha mshambuliaji atafute tundu jipya la kivinjari, na matundu mapya ni ghali. Hayapotezwi kwa mtu anayesoma habari kwenye Mac ya 2012. Ukiiacha wazi, anatumia lililochapishwa tayari, bure. Hizo si hali sawa, na kusema "ama ulinzi kamili ama usipewe kitu" kunamwacha mtumiaji na Safari ya 2022.

Na kuhusu WebKit kushikamana na mfumo: Safari 17 ya 2023 haikwenda Sonoma, macOS ya mwaka huo, peke yake. Ventura na Monterey, mbili zilizoitangulia, nazo ziliipata. Kwa hiyo kuipeleka nyuma matoleo mawili Apple inafanya kila mwaka. Kinachobishaniwa ni idadi ya matoleo, si kanuni.

Basi nianze na dai dogo, ambalo naamini hata mpinzani wangu hawezi kulikataa. Mozilla inatangaza tarehe ambayo toleo la muda mrefu litakoma. Apple haitangazi tarehe ya kukoma kwa viraka vya macOS. Unagundua siku viraka vinapotoka na jina la mfumo wako halimo. Mwaka 2025 wamesema macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, na mashine za Intel walikuwa wanaziuza hadi 2023. Aliyenunua mwaka huo alistahili kuiona tarehe kabla ya kulipa.

Mchangiaji wa kwanza

Tarehe naiunga mkono, tena iandikwe kwenye boksi. Safari ya miaka kumi bado naikataa, na ikitokea wakalazimishwa, niambie kwanza ni nani atakayeijaribu kwenye kadi ya NVIDIA ya 2012.

Mleta mada

Walewale walioiuza, mkuu.