Mdogo wangu anataka ufundi wa AC: aende bandani au asubiri uanagenzi wa serikali?

BintiWaMtambwe
Assalaam aleikum jamani. Nna mdogo wangu wa kiume, kamaliza kidato cha nne skuli ya huku Wete, Pemba. Matokeo si ya kujigamba: fizikia D, hesabati D, Kiswahili C, Dini B, yaliyobaki yote F. Chuo cha ufundi cha Karume kule Mbweni, Unguja, tumeambiwa kwa sasa haingii, wanataka ufaulu wa masomo manne na Dini haihesabiwi.

Mwenyewe roho yake iko kwenye friji na AC. Ami yetu aliyeko Mjini Unguja ana rafiki fundi mwenye banda la kutengeneza friji na AC Mwanakwerekwe, yuko tayari kumpokea hata Jumamosi hii. Mshahara hakuna, maandishi hakuna, alale kwa ami, na "akishaiva atajijua". Huku nako tunasikia kuna uanagenzi wa serikali kupitia Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, unasoma chuoni na kufanya kazi kwa mwajiri. Mama anasema kijana akikaa kungoja tangazo ataishia barazani. Baba anasema bandani ni utumwa. Mie nimo katikati. Mlopita huko nishaurini.

FundiBaridi
Waaleikum salaam dada. Mie nimetokea bandani, kwa hiyo silitukani banda. Ila kabla hujauliza mshahara, mtume ami akatazame kama fundi ana pampu ya kunyonya hewa. AC ikishafungwa, mabomba hunyonywa hewa na unyevu kwanza, ndipo gesi ifunguliwe. Asiye na pampu huachia gesi kidogo isukume hewa nje, anakaza nati, anachukua pesa yake. Baadaye kompresa inakufa na mwenye hoteli anaambiwa "chumvi ya bahari hii". (Chumvi inakula kweli, lakini inasingiziwa mengi.)

Na gesi zenyewe zimebadilika. R22 ya zamani inaondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni. Kwa nchi zinazoendelea mwisho ni 2030, ukiacha kiasi kidogo cha matengenezo. AC mpya nyingi zinatumia R32, nayo inashika moto. Kijana akiishika R32 kwa mazoea ya R22, fundi wake sigara mdomoni, mtakuja kuzikana.

MwanaChake
Kwani lazima avushwe bahari? Pemba kuna vituo vya amali Vitongoji na Daya, na Daya ni hapo hapo kwenu. Nendeni mkaulize fani zilizopo na lini wanapokea fomu.

MzeeWaOfisi
Mwanangu, kinachotenganisha uanagenzi na banda ni mkataba. Pande ni tatu: kijana, mwajiri na chuo. Shirika la Kazi Duniani mwaka 2023 lilipitisha Pendekezo namba 208 juu ya jambo hili, linataka makubaliano ya maandishi, malipo stahiki na usalama kazini. Si sheria ya kumfunga mtu, lakini ni kipimo kizuri. Akipata nafasi, someni kabla ya saini: nauli juu ya nani, akianguka ngazini nani anamtibu, cheti kinatoka wapi.

KijanaWaPaje
Mzee wangu shikamoo, lakini fundi wa Mwanakwerekwe ukimpelekea Pendekezo namba 208 atakuuliza linauzwa shilingi ngapi 😂

Dada, mie nimepita uanagenzi hotelini, upande wa matengenezo. Usidhani ukiwa wa serikali basi mambo yanajinyoosha. Hoteli niliyopangiwa ilinipa ufagio na mpira wa kumwagilia maua. Kilichoniokoa ni daftari la kazi, lile la kuandika ulichofanya. Mwalimu wa chuo alikuja kukagua, akakuta kurasa za AC nyeupe, akawabana mbele yangu. Wiki ile ile nikapanda juu kwenye mashine. Sasa huko bandani, mdogo wako akigeuzwa mtumwa wa kununua chai, nani atakuja kukagua?

BintiWaMtambwe
Ahsanteni nyote, Mzee shikamoo. Hilo la kukaguliwa limeniingia. Je, anaweza kukaa bandani huku anasubiri, ikitoka nafasi aondoke? Au fundi ataona amechezewa?

FundiBaridi
Ataona, kama hajaambiwa. Semeni mapema, ami awepo, muandike japo karatasi ya daftari: anakaa mpaka lini, anafundishwa nini, wote watie saini. Na jioni asilale. Ana masomo matatu yanayohesabiwa, limebaki moja tu. Ajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea, arudie Jiografia au Biolojia, mlango wa Mbweni utakuwa wazi pia.

BintiWaMtambwe
Sawa kaka. Na hiyo pampu ikoje? Ami hajui hata friji inavyozimwa.

FundiBaridi
Haha. Ni mota ndogo ya kubeba kwa mkono, ina kidirisha cha kuonea mafuta, na mpira unaokwenda kwenye geji. Atazame hayo mafuta. Yakiwa safi, pampu inatunzwa. Yakiwa meusi, haitunzwi; kidirisha kikiwa kikavu, ipo kwa kuonyesha wateja.