Nobu ya sauti iliyo nyuma ya spika za monita iwekwe wapi? Chumba kidogo, Tanga

Ngamiani_Rekodi

Wakuu salaam. Nina monita mbili (spika za kuchanganyia muziki) zenye ampu ndani, za inchi 5, zimeungwa kwenye saundikadi, kifaa cha kutoa sauti ya kompyuta, kwa waya za TRS. Chumba ni futi 10 kwa 12, dari futi 9, tofali za simenti. Kila spika ina nobu yake nyuma, na saundikadi ina nobu kubwa ya masta. Kwa sasa za nyuma nimezifungua mpaka mwisho, ya saundikadi ipo chini ya robo.

Matatizo ni matatu. Spika zinatoa "shiiii" hata muziki ukiwa umesimama. Usiku nikipunguza sauti, mwimbaji anahamia kushoto. Na kazi nikiipeleka kwenye gari, besi imekonda. Wapo wanaosema za nyuma lazima zifunguliwe zote, wapo wanaosema katikati. Ipi sahihi, na tunapima kwa nini?

fundiwaya

Mkuu, matatizo mawili ya kwanza yana chanzo kimoja. Nobu ya nyuma haipunguzi nguvu ya ampu, inaamua tu ishara kiasi gani iingie. Ukiifungua yote, kila uchafu unaotoka kwenye saundikadi unakuzwa wote, kisha unalazimika kuinyonga saundikadi ili chumba kikalike. Na nobu ya kuzungusha ikiwa karibu na sifuri, njia zake mbili za ndani hazilingani, upande mmoja unaweza kupitisha dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) 2 au 3 zaidi. Ndiyo maana mwimbaji anahama.

Fanya hivi. Zima spika. Kama nyuma kuna swichi ya viwango vya ishara inayoingia, +4 dBu na −10 dBV, kwa TRS za saundikadi weka +4. Nobu za spika zishushe zote. Nobu ya saundikadi ielekeze kwenye namba 2 ya saa ya ukutani. Nasema namba iliyochorwa, maana mshale wa saa mbili yetu unakaa kwenye 8, na huko chini ndiko njia zisikolingana. Feda ya masta (kitelezi cha sauti yote) kwenye programu ya kurekodia iwe 0.

Cheza pinki noizi (mlio wa "shiiii" wa kupimia) ya −20 dBFS, yaani dB 20 chini ya kikomo cha dijitali. Hakikisha ni RMS (wastani wa nguvu) na siyo kilele, la sivyo utakosea kwa dB kumi na kitu. Washa spika moja tu. Usihamishe pani (nobu ya kushoto-kulia kwenye programu) kunyamazisha upande wa pili, kwa sababu baadhi ya programu hubadilisha kiwango kwa dB 3 ukifanya hivyo. Kipimo cha sauti kiweke pale kichwa chako kinapokaa, kwenye urefu wa sikio, kwa uzani wa C (mpangilio wa kipimo usiokata besi sana) na mwendo wa taratibu. Fungua nobu ya spika polepole mpaka kisome dB 74. Izime, washa ya pili, ifikishe 74 vilevile. Zote mbili kwa pamoja zitasoma kati ya 77 na 80, usishtuke.

Kwa nini 74? Chumba chako ni futi za ujazo 1,080. Mwongozo wa televisheni wa Marekani, ATSC A/85, unashusha kiwango kadiri chumba kinavyopungua, na kisichofika futi 1,500 kipo kwenye daraja la chini kabisa, dB sabini na kitu. Ile 85 inayotajwa sana ni ya kumbi za sinema. Kwenye chumba cha tofali tupu, 85 inarudi kutoka kila ukuta na masikio yanachoka mapema.

Ikiwa 74 inafika wakati nobu ya spika ndiyo kwanza imeanza kufunguka, rudisha saundikadi kwenye namba 12, uanze upya. Ukimaliza, bandika kipande cha gundi ya karatasi, chora alama kwenye nobu ya saundikadi. Za nyuma usiziguse tena.

Kaole_Mixa

Naunga mkono, naongeza ya huku Bagamoyo ambayo na Tanga yapo.

Kama unapimia simu, zima feni kwanza, na programu iwe na C. Programu nyingi za simu zinaanza na A, ambayo inakata besi na kukudanganya. Maiki ya simu inaweza kukosea namba yenyewe, lakini kulinganisha kushoto na kulia inafaa kabisa, mradi simu isisogezwe hata inchi.

Spika zikishafika 74 na bado mwimbaji anavuta upande mmoja, badilisha waya za kushoto na kulia kwenye saundikadi. Tatizo likihama upande, ni saundikadi. Lisipohama, ni waya au spika, au spika hiyo iko karibu zaidi na kona ya ukuta.

Hewa ya chumvi inakula nobu. Ukizungusha ukasikia "krrr krrr", puliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, umeme ukiwa umechomolewa, kisha zungusha mara ishirini hivi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukishasafisha, pima upya.

Na umeme ukikatika, zima swichi za spika palepale. Ukirudi, saundikadi inawaka na kutoa "dumu!" inayokwenda moja kwa moja kwenye spika. Kuwasha: spika mwisho. Kuzima: spika kwanza.

binti_udi

Kaka Ngamiani, besi kukonda kwenye gari huenda kunatokana na kufanyia kazi sauti kubwa. Sikio husikia besi vizuri zaidi sauti ikiwa juu. Fletcher na Munson walilipima hilo mwaka 1933. Kwa hiyo ukichanganya kwa nguvu unaona besi inatosha, unaipunguza, na kwenye gari kwa sauti ya kawaida inapotea. Amua besi kwenye ile alama ya 74 tu. Kwa taarabu mimi hushusha sana mara moja moja ili kukagua sauti ya mwimbaji dhidi ya fidla na kodiani. Besi siigusi nikiwa huko chini, ningeiongeza kupita kiasi.

Ngamiani_Rekodi

Shukrani sana wakuu, na wewe dada. "Shiiii" imebaki ya kusikika ukiweka sikio kwenye twita (kispika kidogo cha sauti nyembamba) tu, na mwimbaji amekaa katikati. Swali moja: nikiweka wimbo uliokwisha kutoka ili nilinganishe, kwenye alama ileile, unapiga kelele kuliko kazi yangu. Nishushe nobu?

fundiwaya

Hapana, nobu ibaki. Wimbo uliomalizika unaweza kuwa −9 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyoisikia), yaani takriban dB 11 juu ya ile noizi. Uingize kwenye traki yake ndani ya programu, soma LUFS za kazi yako, kisha ushushe feda ya huo wimbo kwa tofauti. Kazi yako ikiwa −18, wimbo ushuke dB 9. Na upitishe nje ya plagini za masta (vifaa vya programu vinavyobana sauti ya mwisho), usije ukalinganisha na wimbo uliobanwa mara mbili.